Gari Zima Huku, Bovu Kule

Sisi tunaoishi kwa magari huku kaskazini mwa Tanzania, wenye Noah za abiria, wenye Haisi, wenye fuso za vitunguu, na sisi wengine wenye kagari kamoja ka kupeleka watoto shule, tuna swali ambalo hakuna mkubwa aliyewahi kutujibu. Gari linakuwaje zima saa mbili asubuhi na bovu saa tano, ilhali halijapata ajali wala halijaguswa na fundi? Asubuhi limekaguliwa Arusha, limepita. Saa tano liko upande wa pili wa Namanga, afisa analizunguka mara moja na kusema hapana. Ukimwonyesha karatasi ya asubuhi anaitazama kwa adabu, kama mtu anayeonyeshwa picha za harusi ya watu asiowajua. Anairudisha. Yeye ana karatasi yake.

Wala si lazima uvuke mpaka. Ndani ya nchi hii hii, kwenye lami moja, askari wa mkoa huu anataka triango mbili. Wa mkoa unaofuata anaridhika na moja, ila spea tairi lazima aione kwa macho, kwa hiyo unateremsha magunia ya mkaa yaliyoilalia, mawili matatu, jua la saa saba. Wa tatu hana shida na triango wala spea. Anaelekeza kidole kwenye kioo cha mbele.

"Dereva, stika iko wapi?"

"Afande, nimeshalipia, waliniambia zimeisha. Risiti hii hapa."

"Risiti haibandikwi kwenye kioo."

Hapo kosa linaandikwa, elfu thelathini, na namba ya malipo inaingia kwenye simu kabla hujawasha gari. Ukibisha unaambiwa kuna makosa mengine ambayo alikuwa ameyafumbia macho.

Tunaambiwa tukasome sheria. Tumesoma. Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, ni ya mwaka 1973, na inampa askari mamlaka ya kusimamisha gari na kulikagua. Ni moja kwa Tanzania Bara yote, haina toleo la Manyara na toleo la Singida. Kinachotofautiana ni jicho la anayekagua, na jicho halina kipimo wala halikatiwi rufaa. Zanzibar tusiiseme sana. Kule wana sheria yao na namba zao zinazoanza na Z, na aliyewahi kuvusha gari kutoka Unguja kuja bara anajua alivyoanza upya, kuanzia kodi hadi makaratasi.

Tuseme mapema, kabla hatujaambiwa tunapinga utaratibu: hatukatai kukaguliwa. Tunaopanda hayo magari ni sisi na watoto wetu, mwenye V8 ya serikali hapandi Haisi. Tunachokikataa ni kukaguliwa kila baada ya mwendo mfupi, kila mtu akitafuta kitu chake, halafu jioni gari liwe limesimamishwa na watu wengi na hakuna hata mmoja aliyejua kama lina breki.

Maana ukaguzi wa barabarani tunaujua kwa moyo. Washa taa. Kubwa. Ndogo. Kulia. Kushoto. Kanyaga breki. Waipa. Honi. Leseni, bima. Haya, mtungi wa zimamoto uko wapi? Hapo kwenye mtungi ndipo penye mambo. Ni kimtungi chekundu kinachokaa chini ya kiti cha dereva, kimejaa vumbi, na shingoni kina kidude cha duara chenye mshale: ukilala kwenye kijani umejaa, ukilala kwenye nyekundu ni wa kujazwa. Kuna askari anayeangalia mshale. Kuna asiyejali mshale, anaangalia tarehe ya fundi wa zimamoto iliyoandikwa kwa peni ya wino, na wino umefutika kwa jasho la miguu ya dereva. Kuna anayeunyanyua na kuupima uzito kwa mkono. Kuna anayesema kwa gari la ukubwa huo kimtungi hicho ni kidogo, nenda kanunue cha kilo zaidi, na ukifika mbele na hicho cha kilo zaidi unaambiwa hakijafungwa kwenye bodi, kikirushwa na ajali kitaua abiria. Huyo wa mwisho, kusema kweli, ana hoja. Lakini wenzake wote wamekuona nacho kikijiviringisha huko chini na wakakutakia safari njema.

Na breki? Breki imeshakaguliwa pale uliposema nimekanyaga na askari wa nyuma akaona taa nyekundu. Taa ya breki ni waya na balbu. Breki ni pedi, diski, ngoma, mipira na oili, na upepo kwa malori. Lori linaweza kuwasha taa nyekundu ya kupendeza huku linateremka mlima Kitonga bila kitu cha kulishika. Boljointi zilizolegea hazionekani kwa kuzunguka gari na fimbo. Tairi yenye kashata nzuri lakini iliyozeeka hadi ikapasuka ubavuni haionekani ukisimama mbele. Tumeshakutana na mkaguzi mmoja tu, mzee wa makamo, aliyevua kofia, akalala chali kwenye changarawe na tochi yake, akatikisa taroda kwa mkono na kutuambia, "Hii ikichomoka usukani unabaki mkononi." Dereva alimshukuru. Hatujamwona tena. Pengine amehamishwa.

Ile stika sasa. Ni ya Wiki ya Nenda kwa Usalama Barabarani, ambayo huja kila mwaka na mabanda yake, bendi yake na mgeni rasmi wake. Gari likaguliwe, likiwa zima libandikwe stika. Hakuna ubaya. Ubaya ulianza pale stika ilipogeuka kuwa ndiyo ukaguzi. Vijiweni tunasimuliana habari za magari yaliyopata stika yakiwa nyumbani juu ya mawe, injini imeshushwa, na za watu waliopeleka gari lenyewe, likapita kila kitu, wakarudi bila stika kwa kuwa boksi limeisha. Kesho barabarani, yule wa mawe yuko safi, na huyu mwingine ana kosa. Mwenye gari la abiria ana mzunguko wake mwingine juu ya huo, kwa kuwa leseni ya usafirishaji ya LATRA nayo inadai taarifa ya ukaguzi wa polisi. Ikifika sikukuu, basi linakaguliwa tena alfajiri kituoni kabla ya kuondoka, na hapo kituoni hatuna neno, maana alfajiri ya Desemba pale Mbezi Luis angalau tairi zinaangaliwa kweli na dereva anapuliza kipimo cha pombe.

Wenzetu wa Taveta na Kajiado, upande wa Kenya, wanadhani tuna raha. Kwao gari la mtumba haliingii likiwa limezidi miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Ni kiwango cha shirika lao la viwango, KS 1515, cha tangu mwaka 2000, na kila Januari mosi mstari unasogea mwaka mmoja: kwa mwaka 2025 yaliruhusiwa yaliyosajiliwa kuanzia 2018. Huku kwetu umri haufungi geti. Likizidi miaka 8 unaongezewa ushuru wa uchakavu, unalipa, unaondoka nalo. Kwa hiyo IST ya mwaka 2005 ikishushwa Dar es Salaam ni gari la mwalimu, ikishushwa Mombasa ni kesi. Na huenda meli ni hiyo hiyo moja, imetia nanga bandari zote mbili juma moja.

Magari ya abiria na ya mizigo ya Kenya yanakaguliwa kila mwaka na NTSA, mamlaka iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2012. Wa Nairobi wanakwenda barabara ya Likoni, wa Mombasa wanakwenda Miritini. Juu yake kuna kidhibiti mwendo cha kilomita 80 kwa saa, kile ambacho waziri John Michuki alikifungia kibwebwe mwaka 2004 pamoja na mikanda ya abiria na mstari wa njano ubavuni mwa matatu. Wakati ule wenye matatu waligoma na watu wakatembea kwa miguu. Leo hao hao wanakumbuka enzi za Michuki kwa huzuni, wanasema kanuni zake zilizikwa naye.

Kwa magari binafsi ndipo Kenya yenyewe ina maajabu. Sheria yao ya Trafiki, baada ya marekebisho ya 2012, inataka gari lililozidi miaka 4 tangu litengenezwe likaguliwe. Kifungu kikakaa kitabuni. Mwenye gari la nyumbani alikutana na mkaguzi akibadilisha rangi au injini, basi. Mwaka 2025 wizara ikatoa rasimu ya kanuni ili na hao waanze kupeleka magari kila mwaka, wananchi wakaitwa watoe maoni, na waliyoyatoa yalikuwa na chumvi. Dereva mmoja wa Loitokitok alitupigia hesabu akiwa ameegemea Probox yake: "Bwana, gari ya mtumba inaingia hapa ikiwa na miaka saba. Miaka minne inapita ikiwa bado kwa mzungu wa Kijapani. So mimi nikinunua leo, leo nimechelewa inspekshen." Tukamwambia hakuna mzungu wa Kijapani. Akasema hata huko Nairobi hawakumjibu la maana zaidi.

Hesabu yake iko sawa. Kanuni ya miaka 4 inafaa nchi inayonunua magari mapya. Ukiiweka juu ya nchi inayoruhusu miaka 8, umeandika kwamba karibu kila gari linaloshuka melini ni la kukaguliwa tangu siku ya kwanza. Labda ndivyo inavyopaswa kuwa. Basi vituo, mashine na wakaguzi wa kutosha vitangulie, barua ya kuwaita watu ifuate.

Hao Wajapani nao tuwaseme, kwa kuwa safari nzima inaanzia kwao. Kule kuna ukaguzi wa lazima unaoitwa shaken. Gari jipya la nyumbani linapewa miaka 3, baada ya hapo kila miaka 2 linarudi, na ukijumlisha kodi, bima na fundi, mwenyewe anatoa yeni laki moja na zaidi. Gari likianza kuzeeka, bili ya shaken inalishinda bei lenyewe, Mjapani anaona heri aliuze. Likiuzwa mnadani, linapakiwa, linakuja kwetu. Asiyeamini akachungulie kioo cha mbele cha Vitz au IST yoyote pale stendi: juu, karibu na kioo cha kati, kuna kibandiko kidogo cha mraba chenye namba mbili. Ni mwezi na mwaka ambao shaken ingekwisha, tena mwaka wa kuhesabu kwa utawala wa mfalme wao. Watu wengi hawakibandui, wanakiona kama pambo la gari lililotoka nje. Hiyo ni kumbukumbu ya siku mtu mwenye mashine alipolipima gari hilo akaweka sahihi.

Baada ya hapo kila nchi ikajiamulia. Kuna wakati yetu yalikuwa yakikaguliwa huko huko Japani kabla ya kupakiwa. Mwaka 2021 shirika letu la viwango, TBS, likahamishia ukaguzi Dar es Salaam, gari likaguliwe likishafika. Wapo waliofurahi, kazi na fedha vikabaki nyumbani. Sisi wanunuzi wakati ule tulibaki tukiuliza: likikaguliwa Japani likaonekana bovu, hasara ni ya muuzaji, linabaki kwake. Likikaguliwa Dar likaonekana bovu, limeshalipiwa, limeshasafirishwa, liko kwenye yadi kwa jina langu. Nani anakula hiyo?

Na tukishalipata, tunaanza kulivua. Hilo nalo lisemwe. Barabara za mjini zina vibao vya mkono, TUNANUNUA MASEGA, na masega ni kile kichujio kilichomo ndani ya eksozi, chenye madini ya thamani. Fundi anakata, anatoa, anachomelea bomba tupu, anakupa hela, gari linapumua vizuri eti. Moshi wake anaujua anayekaa nyuma kwenye foleni. Hatujawahi kusikia mtu amesimamishwa barabarani kwa kukosa masega. Kwa kukosa triango, kila siku.

Uganda ni hadithi fupi na ya kusikitisha. Waliamua wafanye ukaguzi wa lazima kwa magari yote, wakaingia mkataba na kampuni ya kigeni, vituo vikajengwa na mashine zikafungwa. Wenye magari wakalalamikia tozo, Bunge likaingilia, shughuli ikasimama. Mwaka 2018 wakarekebisha sheria na kufunga mlango kwa magari yaliyofikisha miaka 15 tangu kutengenezwa. Tuhesabu basi: miaka 8 Kenya, 15 Uganda, kwetu hakuna ukomo, na yote ni Jumuiya moja yenye bendera moja na wimbo mmoja.

Rwanda tumeiacha hadi hapa kwa makusudi, kwa kuwa ndiyo inayotutia wivu. Madereva wetu wa masafa, wanaopeleka semi kutoka Dar hadi Kigali, wamekwenda kuchungulia kituo cha polisi cha Remera na wamerudi na habari. Gari la abiria au la biashara linarudi pale kila baada ya miezi 6, la binafsi kila mwaka. Siku unapanga kwa simu, kupitia Irembo, mtandao wa huduma za serikali yao. Ukifika, magurudumu ya mbele yanawekwa juu ya roli mbili za chuma zilizozama sakafuni. Roli zinazunguka, unaambiwa kanyaga, na kwenye skrini inatokea nguvu ya breki ya gurudumu la kushoto na la kulia, kila moja na namba yake. Zikipishana sana, maana yake ukifunga breki ghafla gari litavuta upande. Unapewa karatasi yenye namba hizo, urudi gereji. Hakuna "afande nisaidie", roli halina shemeji. Mwaka 2025 wakaongeza na kipimo cha moshi.

Wanyarwanda nao wananung'unika, msidhani. Bei, foleni, gari kurudishwa mara ya pili kwa kitu ambacho mara ya kwanza hakikusemwa. Manung'uniko hayo tungeyapokea kwa mikono miwili tukabadilishane na yetu.

Tofauti nyingine zina maana, na dereva mwelewa anazikubali. Mfano mzuri ni Rusumo. Ukivuka lile daraja unaacha kushoto unashika kulia, kwa kuwa Rwanda, Burundi na Congo wanaendesha upande huo. Taa za lori lililotengenezwa kwa kwetu, ukiwasha ndogo, zimeelekezwa kupanda kidogo upande wa kushoto, zimulike ukingo wa barabara na watembea kwa miguu. Ukishahamia kulia, kushoto kwako sasa ndiko anakotokea mwenzio, na mwanga ule ule uliokuwa halali upande wa Ngara unampiga machoni. Hapo afisa akisema taa zako hazifai, tunanyamaza. Ni jambo la fizikia. Lakini mtungi wa zimamoto hauna kushoto wala kulia. Tairi kipara ni kipara pande zote mbili za Mto Kagera.

Halafu wasituambie kwamba nchi hizi haziwezi kukubaliana. Zinaweza zikitaka. Bunge la Afrika Mashariki, lenye makao Arusha, lilipitisha mwaka 2013 sheria moja ya uzito wa magari kwa nchi zote, ukomo tani 56, na leo dereva anayepita mizani kuanzia Vigwaza hadi Nyakahura anajua namba ni ile ile atakayoikuta kwa jirani. Bima nayo ilipata dawa zamani: ukiwa na kadi ya njano ya COMESA, ukigonga mtu nje ya nchi yako unatambuliwa, na Tanzania inaitumia kadi hiyo ingawa ilijitoa COMESA mwaka 2000. Namanga, Holili na Rusumo zina vituo vya pamoja vya mpakani, unashuka mara moja, unagonga pasipoti kwa nchi zote mbili chini ya paa moja. Uzito umekubaliwa, bima imekubaliwa, pasipoti imekubaliwa. Uzima wa gari ndio umekwama, na uzima wa gari ndio unaoua.

Tunajua sababu mojawapo na tutaisema. Lori likizidi uzito linaharibu barabara, na barabara ni deni la serikali, kwa hiyo serikali ziliharakisha. Gari lisilo na breki linaharibu watu.

Mwenzetu mmoja ana kaka yake Houston, na kila tukilalamika anatupoza kwamba hata Marekani wako hivyo hivyo. Ni kweli. Texas ilifuta ukaguzi wa usalama kwa magari yasiyo ya biashara kuanzia Januari mosi 2025. Kaka mtu bado analipa dola 7.50 za ukaguzi usiokuwepo wakati wa kusajili, na kwa kuwa anaishi Houston, kipimo cha moshi kimebaki pale pale, kwa sababu kaunti 17 zenye miji mikubwa hazikusamehewa. Angekuwa Pennsylvania angekaguliwa kila mwaka. Sawa. Lakini gari la Texas likiingia Pennsylvania kutembelea ndugu, hakuna anayelisimamisha mpakani mwa jimbo na kudai stika ya Pennsylvania. Wametofautiana kanuni, wakakubaliana kuheshimu karatasi. Sisi hatujalinganisha kanuni wala hatuheshimu karatasi.

Kuna jambo tusilotaka kulisema lakini bila hilo malalamiko haya yatakuwa nusu. Wapo kati yetu, wenye magari, wanaochezea ukaguzi wenyewe. Siku ya gari la abiria kukaguliwa, tairi nzima zinaazimwa kwa jirani, zinafungwa asubuhi, gari linapita, jioni zinarudi kwa mwenyewe na vipara vinarejea kazini. Mtungi mmoja wa zimamoto unahudumia stendi nzima. Kondakta anautoa Haisi ya kwanza mlangoni, anakimbia nao kuzunguka ukuta, anauweka Haisi ya nne. Mkaguzi anaujua mtungi ule hadi mkwaruzo wake. Tajiri akiambiwa anunue tairi, anajibu kwamba akinunua au asinunue, barabarani atatoa tu hela ya chai, basi bora atoe chai, ni rahisi. Hesabu ya kishenzi, ila ukiwa na mfumo ambamo gari zima na gari bovu yote yanasimamishwa sawa na yote yanakutwa na kosa, hesabu hiyo inakubali.

Ndiyo maana ukaguzi wa kweli huku unakuja kwa mawimbi, baada ya msiba. Mei 2017, pale Rhotia, Karatu, basi la shule lilitumbukia korongoni, wakafa wanafunzi 32, walimu 2 na dereva. Arusha nzima ilizika. Baada ya hapo magari ya shule yakasimamishwa, watoto wakahesabiwa, viti vikahesabiwa, mabovu yakazuiwa. Wazazi tukashukuru. Kisha muda ukapita, wimbi likatulia, na sasa asubuhi ukisimama kwenye kona yoyote ya mji utaziona Noah zenye watoto wamepakatana mpaka kwenye buti, stika mpya kwenye kioo.

Tunachotaka si kikubwa. Kila mkoa uwe na roli la kupimia breki, hata moja. Gari likipimwa, karatasi iandikwe namba, si "zima" na sahihi isiyosomeka. Namba hizo ziingie kwenye simu ya askari kama zinavyoingia faini, ili wa Singida aone alichokiona wa Arusha na aniache nipite, isipokuwa kama ameona kwa macho yake kitu kilichoharibika tangu siku ile. Na wakubwa wa Jumuiya, wakikutana tena Arusha, waongeze karatasi hiyo kwenye mafungu waliyokwisha kukubaliana, ikae pamoja na tani 56 na kadi ya njano. Umri wa magari waendelee kubishana, tunajua una kodi ndani yake.

Wakisema mashine ni ghali na hakuna fungu, waende wakajumlishe elfu thelathini zetu. Kwa triango peke yake tunaamini tumeshalipia roli la kila mkoa, na chenji imebaki.